Siku Moja na Futikamba, Ujiji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ninafungua chumba cha vipimo katika kliniki ya sukari na presha hapa Ujiji, na kufikia saa nne nimekwisha kuwapima kina mama 19, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 50. Wanaopita dirishani huniona nikizungusha futikamba viunoni, wakadhani ni kazi isiyohitaji elimu. Jambo hilo huniuma, kwa kuwa katika umri huo kiuno hueleza mambo ambayo mizani haiwezi kuyaeleza.

Saa nne na dakika 20 aliingia mama mmoja anayeanika dagaa kwenye ufuko wa Kibirizi, mwaka wake wa tatu tangu hedhi ikome. Kipimo cha sukari ya kufunga kinataka mtu akae muda wa saa nane bila chakula, naye kwa mara ya pili wiki hii alikuwa amekwisha kunywa chai, kwa sababu alfajiri mitumbwi inaporudi huwa yuko mchangani. Nilipoomba nimpime kiuno, alikataa.

"Mwanangu, mizani yenu inasema kilo 71, zile zile za miaka mitano iliyopita. Unatafuta nini kiunoni kwangu?"

Swali lake lilikuwa la haki, na foleni ilisimama karibu nusu saa nikilijibu. Nilimweleza kwamba mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu, bali nayo hutengeneza homoni. Mojawapo ni leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York; huujulisha ubongo kiasi cha akiba iliyopo; mafuta yakizidi nayo huzidi, mpaka ubongo ukawa hauiitikii ipasavyo. Nyingine, adiponektini, huisaidia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kufanya kazi, lakini hupungua kadiri mafuta yanavyojaa ndani ya tumbo. Kabla ya hedhi kukoma, estrojeni, homoni ya kike, huyaelekeza mafuta mapajani na nyongani. Ikishuka, mafuta hukusanyika kuzunguka matumbo na ini, na kwa kuwa misuli nayo hupungua, kilo zinaweza kubaki pale pale. Homoni hizo hapa hatuzipimi. Tulicho nacho ni futikamba, inayopita katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mama akiwa ametoa pumzi.

Alilegeza kanga. Sentimita 97, ilhali kwa mwanamke tahadhari huanza kwenye 80. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni mawese yaliyomfikisha hapo. Nilimjibu kwamba kukoma kwa hedhi si kosa lake wala la mawese, ila kiasi cha mawese, cha ugali na cha sukari ya chai kiko mikononi mwake.

Nje walikuwa wakilalamika, na walikuwa na sababu. Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Niliinama na kuinuka mpaka mgongo ukakaza, na jua lilikuwa limeshuka ziwani nilipomaliza kuandika rejesta. Kesho binti wa yule mama atapokea dagaa, na mama mwenyewe ameahidi kufika saa moja, akiwa hajatia kitu kinywani.