Kuwa wakili mji ambao kila mtu anamjua mama ako

Dogo mmoja wa mtaani, kamaliza form six juzi, kanifata kijiweni Barabara ya 14 hapa Tanga ananiuliza, kaka, mbona we huvai lile wigi jeupe kama kwenye muvi? Nikacheka. Nikamwambia lile la Uingereza bwana, kule wamegawana kazi, mmoja wake kusimama kortini, mwingine anakaa na mteja na makaratasi. Huku kwetu wakili ni wakili. Asubuhi niko na joho mbele ya jaji, mchana nagonga mihuri vyeti vya vijana wanaoomba ajira, jioni naandikia mtu mkataba wa bodaboda. Na hili joto la Tanga la mwezi wa pili, joho peke yake linatosha, wigi lingenizika.

Njia yenyewe ndefu ila haina maajabu, digrii ya sheria, halafu Law School, shule ya kukuandaa kuwa wakili, pale Dar ambayo ilianza kupokea watu 2008, unasoma, unapelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, unarudi kwenye mitihani inayoliza watu wazima. Mwaka 2022 ndo nchi nzima ikajua, kati ya watu 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu. Mimi nilipita miaka ya nyuma, na sapu mbili, yani mitihani ya kurudia, nilibeba, sioni aibu. Siku ya kuapishwa na Jaji Mkuu mama alipanda basi la alfajiri toka Tanga na baibui jipya, tumemaliza picha akanivuta pembeni, "Kwahiyo mwanangu, ndo utatetea wezi?" Nikamwambia mama, na wengine wengine.

Wengi wa darasa letu walibaki Dar. Mimi nikarudi, na hapo ndo shida ilipoanza maana Tanga wanasema waja leo waondoka leo, ila mie sikuja, mie nipo tu, wananijua toka nikiwa na kaptula.

Nikupe mfano. Mwaka 2017 nilikuwa na shauri la shamba njia ya Pangani, Baraza la Ardhi na Nyumba. Mteja wangu anadai la babu yake, upande wa pili bibi mmoja mwembamba, kajitanda kanga, hana wakili. Sheria inataka ukitaka kudai ardhi udai ndani ya miaka 12, kwahiyo jambo zima lilikuwa bibi kaingia lini. Nikamuuliza mwaka, hajui. Nikamuuliza alikuwa na umri gani, hajui. Hapo ningekaa chini, wallahi ningekaa chini, ila ujana. Nikamwambia sasa bibi, kama mwaka huujui unajuaje ni zamani?

Akaniangalia weee. "Mwanangu, wewe si mjomba ako yule alooa Barabara ya Kumi na Nne?" Mwenyekiti akamwambia bibi jibu swali. "Ndo najibu, mheshimiwa. Harusi ya mjomba ake pilau nimepika mimi, na wiki ile ndo nilopanda minazi, ule wa tatu kutoka kisimani na wenzie. Mwaka ule timu yetu Coastal Union walipochukua ubingwa." Mwenyekiti ni mtu wa bara, akauliza mwaka gani huo, na kabla sijafungua mdomo mzee wa baraza mmoja kadakia, "Themanini na nane, mheshimiwa." Ukumbi mzima unatingisha vichwa. Na mimi nitapinga nini, picha ya harusi ile ipo sebuleni kwetu, tarehe imeandikwa nyuma kwa kalamu ya bluu! Nikasema sina swali zaidi. Mteja alininunia mpaka leo.

Kingine ambacho watu hawakijui ni lugha. Zamani shahidi anaongea Kiswahili, hakimu anaandika Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama. Watu wa Dar waliona kama mambo ya siasa, lakini niulize mimi niliyepambana na rufaa ya mirathi ambayo kumbukumbu yote imeandikwa kwa Kiingereza anko, anko, anko. Anko yupi? Kwa mirathi ya Kiislamu baba mdogo anaweza kurithi na mjomba akatoka mikono mitupu, sasa we mwandishi umewakusanya wote kapu moja. Tulipoteza miezi kumjua anko.

Kesi za mauaji sipendi kuziongelea sana. Zile za kupangiwa na mahakama, mshtakiwa hana hela, na wewe unacholipwa ni kama nauli na soda. Akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu ni moja tu, kunyongwa, jaji hana pa kupunguzia. Ukienda gereza la Maweni kuonana na mshtakiwa wako anakuangalia mkononi kwanza kama umebeba faili au umekuja hivi hivi. Kuna kijana mmoja mkata mkonge, kosa lilishushwa likawa kuua bila kukusudia, siku ile nilifika nyumbani nikalala na viatu.

Nje ya kazi sina makubwa. Jumapili naenda Muheza kwa mashemeji kula machungwa, jioni kahawa na kashata na bao, na Coastal wakiwa nyumbani lazima niwe uwanjani Mkwakwani. Simu nazima. Haisaidii. Mechi iliyopita dakika za mwisho nikaguswa bega, "Mgosi samahani, mzee wetu kafariki, kaacha nyumba mbili na wake watatu, sasa mkubwa anasema..." Nikageuka nimwambie aje ofisini Jumatatu, uwanja ukalipuka, watu wanarukiana, goli sijaliona. Na jamaa nae hajaliona, ananiuliza mimi nani kafunga.