Nilivyojifunza kuuona msaada wa Mungu nikimuuguza mama

Mama yangu alipopatwa na kiharusi kilichoupooza upande wake wa kulia na kumwachia maneno machache tu, nilirudi nyumbani Marangu kumuuguza, nikiwa na ombi moja kwa Mungu: ainuke, atembee. Miezi ilipita mama akiwa bado kitandani, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuupangia msaada wa Mungu sura yake, nikaamini kwamba haujatufikia.

Aliyenigutusha ni mwinjilisti wa usharika wetu, siku jumuiya iliposali kwetu. Alisoma Luka 17, habari ya wakoma kumi, akalirudia taratibu swali la Yesu: "Wale kenda wa wapi?", yaani wale tisa. Nilikuwa nimelisikia tangu nikiwa darasa la kipaimara, ila siku hiyo nilisikia kitu kingine, kwamba wote kumi walitakaswa wakiwa njiani, na aliyerudi kushukuru ni yule mmoja aliyeona kuwa amepona.

Usiku ule nilianza kuandika shukrani katika daftari. Siku nne mfululizo niliandika "Nashukuru kwa uhai na afya", maneno ya kweli kabisa, lakini yaliyotoka bila kufikiri. Ndipo nikajiwekea sharti kwamba kila shukrani iandikwe pamoja na saa yake, na kama imepitia kwa mtu, jina lake pia. Sharti hilo lilinilazimu kuipitia upya siku nzima kila jioni, nami nikaanza kuona. Mgongo wa mama haukuwa na kidonda hata kimoja, kwa sababu muuguzi mmoja alikuwa ametufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili. Saa kumi alfajiri, zamu ikiwa yangu, mdogo wangu alikuwa ameamka kumgeuza bila kuombwa, ili mimi nilale. Jirani alikuwa akileta maziwa kila asubuhi, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwambia zaidi ya "haya".

Nilikwenda kwao mmoja mmoja, kwani naona si sawa kumshukuru Mungu huku ukimnyima asante mtu aliyemtuma. Kisha nikapeleka kanisani trei ya mayai kama sadaka ya shukrani, ikauzwa kwenye mnada baada ya ibada. Zamani nilidhani sadaka hiyo ni ya harusi, ya mtoto aliyefaulu au ya mgonjwa aliyepona. Safari hii nilisimama nikashukuru kwa ajili ya mgongo usio na kidonda.

Mama hajainuka, nami bado naomba ainuke. Zipo jioni ambazo ombi hilo ndilo pekee ninaloliandika. Siku hizi, kabla ya kulifunga daftari, humwuliza mama tuandike nini. Jana alijitahidi kwa muda mrefu, midomo ikitafuta neno, kisha akasema, "Jua." Asubuhi tulikuwa tumemtoa barazani akaota jua kwa nusu saa. Nikaandika: saa tatu, jua, mama.