Asubuhi ya bamvua Bagamoyo

Kila ninapokutana na wenzangu tuliopiga pamoja video ya wimbo mmoja wa taarab, mazungumzo yetu huishia ufukweni Bagamoyo, kwenye asubuhi ileile. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa spika. Sauti mnayoisikia katika video huwa imekwisha kurekodiwa studio. Ufukweni wimbo hupigwa tu ili mwimbaji aufuate kwa midomo.

Mwongozaji alitaka mtandio wa mwimbaji upepee taratibu, na nyuma yake mashua ielee katika mwanga wa jua linalochomoza. Ili mwendo uonekane wa polepole, kamera hunasa fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde, kisha picha huonyeshwa kwa fremu 25. Kwa hiyo wimbo nao hauna budi kupigwa kwa kasi maradufu, la sivyo midomo itapishana na sauti. Wimbo wetu wa dakika 6 ulikuwa ukimalizika kwa dakika 3. Katika taarab, ambamo silabi moja huvutwa na kuzungushwa mpaka msikilizaji aionje, hiyo ni kazi nzito sana. Mwimbaji wetu, mama yetu yule, aliniomba wiki moja kabla nimtumie kwenye simu wimbo uliokimbizwa, na njia nzima kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 70, alikaa dirishani akiufuata kimya kimya. Sijakutana tena na mwimbaji aliyejiandaa namna ile.

Kosa lilikuwa letu: tulipiga hesabu ya jua tukasahau maji. Mwezi ulikuwa mpevu, na nyakati za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi alfajiri, ikapwa mbali sana kufikia saa nne asubuhi. Tulikuwa bado tunafunga kamera nahodha alipotusogelea, akamwamkia mwimbaji, kisha akasema, “Mama, leo bamvua. Muda si mrefu mashua hii itakaa mchangani.”

Tulipiga mara mbili kwa haraka. Mara ya tatu spika ikazimika, betri imekwisha, na jenereta tulikuwa tumeiacha mbali barabarani. Nilisimama na waya mkononi huku maji yakiondoka miguuni mwangu, nikiona kazi ya watu wote inaharibika kwa sababu yangu. Mwimbaji ndiye aliyeniita. “Mwanangu, lete simu yako.” Tukapitisha waya wa sikioni chini ya mtandio, simu akaificha kiunoni, akaniashiria nianze.

Siku zote alikuwa akiimba kwa sauti yake kamili hata mbele ya kamera, kwa kuwa, alivyotueleza, anayechezesha midomo tu shingo yake hulala. Spika ilikuwa ikiifunika sauti hiyo. Sasa tuliisikia tupu, ikiwahi beti kwa kasi ile ya ajabu bila neno hata moja kudondoka, na wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaziweka chini.

Picha hiyo ndiyo iliyotumika. Mashua imeanza kuinamia upande wa kushoto, mishipa ya shingo yake imesimama, na upepo unapouinua mtandio, kwa anayejua pa kutazama, waya mweupe wa simu yangu unaonekana.