Ua mdogo, macho makubwa

Picha zangu zote za wadudu nazipiga uani kwangu, na ua wenyewe ukinyoosha miguu tu umegusa ukuta. Kuna vyungu vya maua pembezoni, ufa ulioota majani, basi.

Nikitoka asubuhi, kamera huwa imezimwa. Nachagua chungu kimoja, nakaa chini, natazama. Mwanzoni jani ni jani. Macho yakishazoea ndipo unagundua shina zima lina shughuli: vidukari wamejibana wakifyonza utomvu, na sisimizi wanawapapasa kwa vipapasio ili watoe majimaji matamu.

Au chukua matone. Umande hutua ovyo jani zima. Lakini kuna asubuhi unakuta matone yamejipanga ukingoni, moja kwenye kila ncha. Hayo si umande. Ni maji ambayo mizizi iliyasukuma usiku, jani likayatoa kwenye vitundu vya pembezoni. Ukiweka fokasi kwenye taswira inayoonekana toneni badala ya uso wa tone, utaona anga na ukuta vilivyo nyuma yake, vyote kichwa chini. Ningeingia na kamera usoni tangu mlangoni, ningeyapita.

Kwa ukaribu huo, sehemu inayotoka kali kwenye picha ni kama unene wa ukucha, pengine chini ya hapo. Kupumua tu kunatosha kuiharibu. Kwa hiyo viwiko naviegemeza magotini, pete ya fokasi siigusi, mwili ndio unaosogea mbele na nyuma taratibu. Natoa pumzi, nabonyeza kabla sijavuta nyingine. Tundu la lenzi naliweka f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo); ukilibana kupita kiasi mwanga unapungua na picha nzima inapoteza ukali. Mwenye simu asiisogeze hadi kivuli chake kimfunike mdudu. Arudi nyuma kidogo, akate picha baadaye.

Wapo wanaowatia wadudu kwenye friji ili wapoe wasikimbie. Kunyunyizia maua maji ili yapate matone navumilia, hilo la friji hapana. Amka mapema: baridi ya alfajiri imeshawalegeza, na hakuna aliyeumia.

Kipenzi changu ni buibui mrukaji, yule mdogo mwenye manyoya asiyetega utando bali huwinda kwa kuvizia na kuruka. Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari. Wengine ukiwasogelea hukimbia. Huyu hugeuka kukukagua. Usimpitishie kivuli, wala usiharakishe mkono, naye atakupa uso mzima.

Upepo ukianza na shina likayumba, fokasi haikai tena. Hapo nazima kamera lakini siondoki, kwa sababu yule bwana bado hajaamua kama mimi ni adui au mlo.