Siku Nduru Ilipokwama Kajulu

Neno la kujaribia redio zetu za kutuma onyo la mafuriko bila mtandao wa simu tulikuwa tumelichagua mapema: NDURU. Ndivyo tunavyouita ukunga wa hatari kwa Kijaluo, ule ambao mama mmoja akiupiga usiku, boma linaloupokea nalo hupiga wake, mpaka kijiji kizima kinaamka. Saa 4:17 asubuhi neno hilo lilitokea kwenye simu yangu nikiwa nimesimama juu ya jiwe kwenye vilima vya Kajulu, Kisumu. Binti wa chuo tuliyepanda naye akapiga makofi. Neno lilikuwa limetoka ukingoni mwa mto Nyando, karibu na daraja la Ahero, kama kilomita 20 kutoka pale tulipokuwa.

Nikampigia shangazi huko Ogenya. "Imefika?"

"Hakuna kitu, baba."

Tukangoja dakika tano. Nikapiga tena. Hakuna kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari 2025, kiangazi, na tambarare yote ya Kano ilikuwa imelala chini yetu katika ukungu wa vumbi: mashamba ya miwa, kisha mpunga wa Ahero, kisha ziwa liking'aa upande wa kulia. Mwezi mmoja hivi ungepita kabla ya masika kuanza. Tulitaka kazi hii iwe imekwisha kabla ya hapo, na mimi nilikuwa na sababu yangu.

Masika ya 2024 yalimkuta shangazi amelala. Anayeishi Kano anajua kwamba mafuriko yetu hutoka kwa watu wengine: mvua inanyesha milima ya Nandi, Nyando inashuka nayo pamoja na udongo, na ikifika huku kwenye tambarare inakosa pa kwenda. Usiku ule ilikuwa inanyesha kwetu pia. Shangazi aliamshwa na baridi ya maji yaliyokuwa yamefika kwenye godoro. Alipiga nduru kwa nguvu zake zote, lakini jirani wa karibu yuko mbali, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Hakuna aliyesikia. Simu yake ilikuwa imezima, maana umeme ulikuwa umekatika kwa siku mbili. Alikaa juu ya meza na mjukuu wake hadi alfajiri, wakaokolewa na mtumbwi, wakapelekwa shuleni walipokusanywa wengine. Mimi, fundi wa simu Kondele, mtu ambaye kutwa nzima nafufua simu za watu wengine, nilipata habari siku ya tatu. Alinieleza bila kulaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia Ahero, tunayemwita Mwalimu, ndiye aliyeniletea redio ya kwanza ya LoRa, redio ya kutuma maandishi mafupi kwenda mbali. Aliiweka juu ya meza yangu ya kazi, kibao kidogo kama kiberiti, akaniambia: "Fundi, hii haihitaji laini, haihitaji bando, haihitaji mlingoti wa kampuni." Teknolojia yenyewe ilibuniwa Grenoble, Ufaransa, na kampuni ya Marekani iitwayo Semtech ikainunua 2012. Siri yake ni wimbi la redio linalopanda kutoka chini kwenda juu kama mluzi wa ndege, na mpokeaji anaweza kuutambua mluzi huo hata ukiwa umezama ndani ya kelele. Inakwenda polepole sana. Picha haipiti, sauti ya mtu haipiti, maandishi mafupi tu. Lakini maneno "maji yamevuka tuta" yana herufi chache mno.

Programu tuliyotumia ni Meshtastic, ya bure, iliyoanzishwa 2020 na Mmarekani Kevin Hester kwa ajili ya watu wanaotembea milimani kusikofika simu. Kila redio ikisikia ujumbe inaupokea na kuurusha tena, na inayofuata vivyo hivyo. Nilipomweleza shangazi, hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Kwani nduru ni nini?" Hapo ndipo neno la jaribio lilipopatikana.

Tulikuwa watu saba wa kujitolea na redio tisa. Mimi nilipewa kazi ya kuziunda, na niliipenda kazi hiyo kuliko yoyote niliyowahi kufanya. Betri nilizitoa kwenye laptopu zilizokufa. Ukipasua ganda la betri ya laptopu unakuta seli sita, kila moja nene kama kidole gumba, na mara nyingi ni moja au mbili tu zilizowaua wenzake. Nilizichaji moja moja, nikaziacha wiki nzima kwenye kopo, kisha nikazipima tena kwa mita. Iliyokuwa bado juu ya volti 4 niliipa redio, iliyoshuka niliitenga. Antena nilizikagua zote, maana ya megahezi 433 na ya 868 zinafanana kama mapacha, na ukikosea redio inapiga kelele ndani ya shati lake mwenyewe. Maboksi niliyaziba kwa silikoni. Kibanda kilinuka siki kwa siku nne.

Halafu, kabla ya kuzigawa, nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni zawadi. Kwenye programu kila redio hupewa wajibu. Kuna wajibu wa kawaida, na kuna wa ruta. Niliposoma kwamba ruta hurudia kila ujumbe inaousikia, na kwamba huurudia kabla ya wengine, nikaona hakuna haja ya kumpa mtu kitu dhaifu. Zote tisa nikazifanya ruta. Niliwaza meza ile ya shangazi, nikabonyeza mara tisa.

Tukazipeleka. Moja Kajulu, kwenye boma la mama mmoja aliyetukubalia tufunge paipu ya mita sita kwenye mkaratusi wake baada ya kuuliza mara mbili kama itakula umeme wake (tukamwonyesha paneli ya sola, akaridhika). Sita Ahero: moja ya mkononi kwa kijana aliyesimama ukingoni mwa mto, mbili kwenye nyumba zilizo karibu na tuta, moja kwa mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga, moja kwenye duka la dawa, na moja juu ya tangi la maji nyumbani kwa Mwalimu. Mbili Ogenya, kwa shangazi na kwa jirani yake. Kati ya Ahero na Ogenya ardhi ni tambarare na miti ni mingi. Redio za chini hazionani. Lazima neno lipande Kajulu kwanza, kisha lishuke.

Na lilipanda. Tatizo ni kwamba halikushuka.

Kijana wa mtoni akatuma mara ya pili. Likatufikia. Mara ya tatu, halikutufikia kabisa. Mara ya nne likaja. Ogenya, kimya. Nilipanda kwenye ule mkaratusi nikaishika antena kwa mkono, nikakaza nati iliyokuwa imekaza tayari. Nikabadilisha betri. Nikafikiri labda redio ya kilimani imeungua nikiilehemu, na moyo wangu ukaenda mbio, kwa sababu hiyo ndiyo tuliyoitegemea wote. Lakini nilipotuma neno kutoka Kajulu, Ogenya walilipata papo hapo. Redio ilikuwa nzima. Ilikuwa inalipokea neno la mtoni, inalionyesha kwenye kioo, na inalikalia.

Binti wa chuo alikuwa ameketi chini kwenye kivuli na simu yake. Alibonyeza ule ujumbe, akafungua maelezo yake, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Fundi, njoo uone. Hili neno limefika limechoka."

Kila ujumbe unapozaliwa hupewa miruko mitatu. Kila redio inayourusha tena hupunguza mmoja. Neno la kijana wa mtoni lilikuwa limeruka mara tatu kabla ya kutufikia, likabaki na sifuri, na redio ikipokea neno lenye sifuri hailirushi tena. Tatu? Kutoka mtoni hadi tangi la Mwalimu kuna mwendo mfupi tu. Tulitarajia mruko mmoja, mbili kwa shida.

"Tupandishe miruko," binti akasema. "Programu inaruhusu hadi 7."

Nilitaka kukubali. Mwalimu alikuwa kwenye simu, akatukatiza: "Msifanye hivyo. Kila mruko ni hewa. Neno moja likiwa hewani, wengine wote wanasubiri. Redio zote tisa zikirudia kila neno, mwenye maji mlangoni atapata wapi nafasi ya kusema?"

Kisha akauliza, kwa upole, "Hivi ulizipa wajibu gani?"

Nikamwambia. Hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Tulilichora kwenye vumbi kwa kijiti, mimi na binti. Redio ya kawaida ikisikia neno hungoja kidogo, na ikisikia mwenzake ameshalirudia, hutulia. Tena aliye mbali na msemaji hungoja muda mfupi zaidi kuliko aliye karibu, ili wa mbali ndiye alisogeze mbele. Mpango mzima umejengwa juu ya kunyamaza huko. Mimi niliuondoa. Kijana wa mtoni aliposema, nyumba mbili za tuta zilipaza sauti pamoja, zikagongana hewani, na tangi la Mwalimu, lililoinuliwa juu hasa kwa ajili ya kusikia, likasikia fujo. Mashine ya mpunga iliyo karibu ikadaka kipande kizima, ikarusha. Tangi likalipata neno kwa mkono wa pili. Likafika Kajulu kwa mruko wake wa mwisho. Nilikuwa nimewapa watu wote sauti kubwa, na kwa hiyo hakuna aliyesikika Ogenya. Nilisimama pale nikiangalia mchoro ule, na nilichokumbuka ni mvua juu ya mabati ya shangazi.

Mwalimu alipanda bodaboda akazunguka kituo hadi kituo. Kwenye kila redio alisimama karibu, akaunganisha simu yake, akabadilisha wajibu, akaniambia "tayari", akaondoka. Ilichukua zaidi ya saa mbili kwa sababu duka la dawa lilikuwa limefungwa na mwenyewe yuko msibani. Mama wa mashine ya mpunga hakufurahi. Alichukua simu ya Mwalimu akaongea nami mwenyewe: "Juzi uliniambia yangu ina nguvu. Leo mnaishusha?"

"Mama, itasikia kila kitu kama zamani. Ila ikisikia mwenzake ameshasema, itatulia. Na wenzake wote wakikosa kusikia, itasema yenyewe."

Akafikiri. "Basi kama hivyo ndivyo, sawa. Lakini msiitoe hapa kwangu."

Za Ogenya mjukuu wa shangazi, msichana wa kidato cha pili anayemwita shangazi Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, alizibadilisha mwenyewe kabla sijamaliza kumweleza. Ruta zikabaki mbili tu: tangi na mkaratusi.

Mwenye boma alituletea uji wakati tukingoja. Tuliuweka chini, hatukuugusa. Jua lilikuwa limegeuka, na ziwa lilikuwa limebadilika rangi. Saa 8:40 kijana wa mtoni akatuma NDURU. Binti akafungua maelezo kabla hata sijasoma neno lenyewe, akaniinulia vidole viwili: imeruka mara mbili. Bado ilikuwa na mmoja.

Sikumpigia shangazi simu. Niliizima simu ya kawaida, nikaiweka mfukoni, nikabaki na ile iliyounganishwa na redio. Sekunde kadhaa. Mkaratusi ulikuwa unavuma. Kisha ujumbe ukaja kutoka Ogenya, ulioandikwa na yule msichana aliyekaa juu ya meza hadi alfajiri:

"Nduru imefika. Dani anauliza kama umekula."

Vidole vyangu havikutulia. Niliandika "Bado," nikafuta, nikaandika "Nakula sasa," nikatuma, kisha nikainama nikachukua kikombe cha uji.