Umeipata?

"Dada, umeipata?"

"Nimeipata."

Mazungumzo yenyewe ni hayo tu, na leo siku ya sita hayajaniacha. Nikikata picha za pasipoti dukani nayasikia, nikikoroga uji nayasikia. Jumamosi jioni, hapa Tanga, njia ya Raskazone, yule kijana wa jezi ya Coastal Union aliruka na ubao wake wa skeiti ngazi tatu za lile jengo lililofungwa. Ubao ukamponyoka angani, akatua kwa kiwiko na kuburuzika juu ya saruji. Alipokaa kitako hakutazama kiwiko. Alinitazama mimi. Akauliza kama nimeipata picha, nikajibu, na sikuwa nimeipata. Kamera ilikuwa inaning'inia kifuani. Ubao ulipomtoka miguuni nilishusha mikono yote miwili, kama mtu anayetaka kudaka mtoto wa jirani asianguke, nami nipo hatua kumi kutoka kwake.

Wiki hii wifi amejifungua mapacha pale Bombo, wote wazima alhamdulillahi, na mwenye fremu ametupa notisi ya miezi mitatu. Nitayaandika. Ila leo mkono hautaki kwenda huko.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua mambo yangu na Mo Amin, yule mpiga picha wa habari. Watu wanamkumbuka kwa ile filamu ya Korem, Oktoba 1984, iliyoifanya dunia isimame na kuitazama njaa ya Ethiopia. Namheshimu kwa hilo. Lakini mimi nilimpenda kwa Safari Rally, kwa magari yale yanayokuja na vumbi lao, na mtu kasimama karibu kuliko akili inavyoruhusu. Alizaliwa Nairobi, lakini Camerapix, kampuni yake ya picha, aliianzishia hapahapa kwetu, Dar es Salaam, mwaka 1963, akiwa bado kijana mbichi. Ndiyo maana nilipowaona hawa watoto wa skeiti nikasema hawa ndio rally yangu. Lenzi moja, mkanda mmoja wa Tri-X, filamu ya nyeusi na nyeupe, kila Jumamosi, picha 36, na kusogea karibu.

Nao wanastahili kusogelewa. Mji huu ni wa baiskeli, kila mtu anajua, na mwenye skeiti anatazamwa kama aliyepotea njia. Wako saba kwa mbao tatu. Mmoja ubao wake kauchonga mwenyewe. Beringi zikifa wanakwenda kwa mafundi wa drili na grainda kuulizia namba 608, maana zinaingia sawasawa kwenye magurudumu yao. Wakifika eneo lao wanafagia kwanza, kokoto moja tu inatosha kumtupa mtu. Sijawahi kuona watu wanaoiheshimu sakafu namna ile.

Jua la saa kumi nafunga tundu la lenzi kwenye 11, shata 1/1000 ya sekunde, nafokasi mapema kwenye ngazi ya mwisho, kisha nangoja. Kila kitu kilikuwa tayari. Kamera ilikuwa tayari, mkanda ulikuwa umevutwa. Sikuwa tayari mimi.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Likamuua John Mathai, mrekodi sauti aliyekuwa naye, na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akarudi kazini na mkono wa bandia, akaendelea hadi ile ndege iliyotekwa ilipoangukia baharini Ngazija, Novemba 1996. Mimi nina mikono miwili mizima na niliishusha yote.

Nimejiuliza kama kushusha ndiko kosa. Sidhani. Mtoto anaanguka, mwili unakimbilia kwake kabla ya akili, na sitaki kuwa mtu ambaye mwili wake haukimbilii. Kinachoniuma ni lile neno. Aliumia, akatafuta kitu cha kufidia maumivu yake, nami nikampa kitu ambacho hakipo. Wenzake wanasema sasa anawahadithia mtaa mzima kwamba ile picha ipo.

Jumanne usiku niliusafisha mkanda. Maji ya bomba ya Tanga ni ya moto, hayafai kabla ya kuyaweka kwenye beseni la barafu ya jirani yangu wa jokofu, hadi kipimajoto kishuke kufika nyuzi 20. Karibu dakika saba kwenye dawa ya kutoa picha, kisha fiksa ya kuidumisha, kisha maji mengi. Nikauinua kwenye taa. Namba 21 yupo juu, magoti kifuani, ubao bado unamfuata. Namba 22 wenzake wamemzunguka. Katikati kuna kile kistari kitupu kinachotenganisha picha na picha, milimita mbili hivi. Nimekitazama kwa lupu, kile kioo cha kukuzia, kuliko picha zote 36.

Mjomba akaja nyuma yangu. Tangu macho yaanze ukungu hagusi tena negativu, lakini aliupokea mkanda ukiwa bado na maji, akausogeza polepole mbele ya taa, akaipita 21 bila neno, akaipita 22, akasimama kwenye 31. Binti mdogo wa ushungi yuko juu ya ubao kwa mara ya kwanza, kaka yake kamshika kidole kimoja tu, na kivuli chao ni kirefu kuliko barabara.

"Hii uliipigaje?"

"Nilipiga magoti, Mjomba."

"Itie karatasini."

Basi. Kwa Mjomba hiyo ni hotuba. Nikaisafisha inchi 8 kwa 10, na Jumatano asubuhi nikakuta ameshamtoa yule bibi harusi wa kwenye kioo cha duka, aliyekaa pale tangu nikiwa sekondari, na kumweka binti wa ushungi. Wapita njia wanasimama. Mama mmoja alirudi na mwanawe wa kike amwoneshe. Nilikaa ndani nyuma ya pazia nikilia kwa furaha, na sioni haya kuliandika.

Kesho ni Jumamosi. Kabla sijafungua mfuko wa kamera nitamwita yule kijana pembeni nimwambie. Namba 21 nitamchapia, hiyo ni yake.

Saa saba usiku sasa. Bi Mkubwa anakohoa tena chumba cha pili, kile kikohozi kikavu cha mwezi uliopita. Nimegonga mlango, akasema ni vumbi tu, nikalale. Lakini mvua imenyesha tangu juzi, hakuna vumbi.