Jiwe la Kulia

Seti ya mwisho ya skwati, kuchuchumaa na kuinuka na nondo mabegani, ilikuwa imekwisha na nondo imerudi kwenye panda zake, mawe mawili ya zege kushoto, mawili kulia. Mmoja wetu alikuwa anawahi misa ya pili. Akafungua mpira wa tyubu upande wa kushoto, akavua jiwe la kwanza, akaliweka chini. Akavua la pili. Kabla hajainama kulilaza, nondo ikapinduka. Ncha ya kushoto iliruka juu ikamkosa kidevu kwa upana wa kiganja, ya kulia ikazama, mpira wa tyubu wa upande ule ukafyatuka na mawe yake yakateleza kama shanga kwenye uzi uliokatika. Moja lilitua mchangani. La pili lilipiga ukingo wa karo la kufulia, likapasuka vipande vitatu.

Ilikuwa Jumapili, Temeke, mwaka 2013, uani kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi mwashi enzi zake. Vifaa vyetu vyote vilikuwa vya kujitengenezea. Panda mbili za mwarobaini, zimechimbiwa sentimita 60 ardhini na kusimama usawa wa kifua, mita moja kutoka moja hadi nyingine. Benchi la mbao na panda zake fupi. Bomba la kujivuta kati ya mwembe na ukuta. Nondo yenyewe ni ile ya kujengea, milimita 25, tuliyokatiwa sentimita 180. Nondo ya unene huo ina kilo 3.85 kwa kila mita, kwa hiyo yetu ilikuwa kama kilo 7. Pete mbili alizochomelea fundi, kuzuia mawe yasisogee kuelekea mikononi, ziliifikisha 7 na nusu. Ina magamba yanayochubua viganja mpaka viote sugu, lakini magamba hayohayo huifanya isiteleze hata ukiwa na jasho.

Mtu akiona nondo imepinduka husingizia panda. Panda hazikuwa na kosa. Pete ilikuwa sentimita 10 nje ya panda, na kila jiwe lilikuwa na unene wa sentimita 12 na nusu, kwa hiyo uzito wa mawe mawili ulikaa sentimita 22 hivi nje ya panda. Ukivua yote ya upande mmoja, kinachobaki kuzuia upande wa pili ni nondo yenyewe, kilo 7 na nusu, ambayo katikati yake iko sentimita 50 kutoka kwenye panda. Zidisha: 7.5 mara 50 ni 375. Upande wa pili, kilo thelathini na kitu mara 22, unapita 700. Lazima ianguke. Jiwe likibaki moja tu, kilo 17 mara sentimita 16, unapata 272, na nondo inatulia. Ndiyo maana mawe huvuliwa moja moja kwa zamu, la kushoto, la kulia, la kushoto, la kulia, hata kama misa imeshaanza. Kuvisha ni hivyohivyo.

Mzee alitoka na kikombe chake cha chai baada ya kusikia kishindo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kuna aliyeumia?”

“Hapana, mzee. Jiwe tu.”

Akachuchumaa karoni, akaokota kipande, akakigeuza. Kwa ndani kilikuwa na matundu kama mkate wa kumimina. Upande mmoja kokoto zilikuwa zimerundikana bila saruji ya kuzishika, zikitoka kwa ukucha, na upande mwingine ulikuwa laini, wa rangi ya majivu, hauna kokoto hata moja. Akatuuliza siku ile tulichanganya zege au tulipika uji.

Tulichanganya zege, miezi miwili nyuma, na vipimo vilikuwa sahihi kwenye karatasi. Tulitaka mawe manne ya kilo 20. Lita moja ya zege ina uzito wa kama kilo 2.4, kwa hiyo tulihitaji lita 8 na robo kwa kila jiwe. Tukachukua ndoo nne za rangi, za lita 20, tukasimamisha katikati ya kila moja kipande cha bomba la plastiki la inchi moja na robo ili liwe tundu, tukamimina maji lita 8 na robo, tukachora alama kwa mkaa pale yalipofika, tukayamwaga. Kwa kopo la rangi la lita 4: saruji makopo 2, mchanga 4, kokoto ndogo 6. Ukichanganya, makopo hayo 12 hayatoi lita 48. Mchanga huingia kwenye mianya ya kokoto, saruji ikaingia kwenye mianya ya mchanga, ukapata kama lita 32, zinazotosha mawe manne kwa taabu. Mchanga ulikuwa wa mtoni. Wa baharini una chumvi, na tulikuwa tumezungushia waya wa kufungia nondo ndani ya kila jiwe, nao ungeliwa na kutu.

Kosa la kwanza lilikuwa maji. Makopo mawili ya saruji ni kama kilo 12, na maji yake ni nusu ya uzito huo, lita 6. Zege la lita 6 ni gumu kulikoroga kwa koleo, mgongo unauma, na kila aliyepokezana koleo aliongeza kikombe kimoja ili lilainike. Hakuna aliyehesabu vikombe. Maji yaliyozidi hayageuki kuwa jiwe. Hutoka polepole na kuacha vijitundu, na wakati zege bado ni bichi huziacha kokoto nzito zizame chini huku uji wa saruji ukielea juu. La pili, tulimimina ndoo nzima kwa mkupuo, tukapiga piga pembeni kwa kiganja, basi. Jiwe la mwisho lilipata mabaki ya chini ya karai. La tatu, tulivua ndoo kesho yake na siku ya nne mawe yakawa yananyanyuliwa. Zege humwagiliwa siku saba chini ya magunia, na hesabu za ujenzi hulipatia siku 28 kufikisha nguvu iliyokusudiwa.

Mzee alikirudisha kipande chini, akasema jambo ambalo sisi sita hatukuwa tumelifikiria hata mara moja. “Kama hili liko hivi ndani, hayo mengine mnajuaje uzito wake?”

Hapo ndipo tulipotazamana. Tangu mawe yale yaanze kazi, kila aliyelala benchini alikuwa akipandisha nondo imeinama kushoto. Tulikuwa na maelezo yetu: mkono wa kushoto ni dhaifu, sote tunashika jembe na kalamu kwa kulia. Mwenzetu wa bodaboda alikuwa kila jioni anaongeza seti tatu za mkono wa kushoto peke yake kwa dumu la maji la lita 5. Na katikati yetu alikuwepo mtu wa mashoto kabisa, anayekula tu kwa kulia kwa adabu, na nondo yake nayo ilikuwa inainama kushoto. Tulimwambia ana mkao mbaya.

Tulikodi guta la jirani, tukapakia mawe matatu na gunia la vipande, tukaenda mtaa wa pili kwenye mashine ya kusaga. Pale kuna mizani ya kusimama, ya magunia ya mahindi. Mwenye mashine akatutazama.

“Leo mnasaga zege?”

Akatupimia bure. Mawe ya kushoto: 19 na nusu, na 19. Jiwe la kulia lililosalimika: 17 na nusu. Gunia la vipande, baada ya kutoa uzito wa gunia: 17.

Benchini tulikuwa tukitumia jiwe moja kila upande, lile la 19 na nusu na lile la 17. Kwenye skwati, yote manne: kushoto 38 na nusu, kulia 34 na nusu. Kilo 4 za tofauti juu ya mabega, wiki nane. Na kwa nini kila siku upande uleule? Kwa sababu ya uvivu. Mawe yalilala chini ya panda yake, na nani avushe jiwe la kilo 20 kwenda upande wa pili bila sababu? Tungebadilishana pande siku moja tu tungejua. Nondo ikiendelea kuinama kushoto baada ya kubadilisha, kasoro iko mkononi. Mwinamo ukihamia kulia, kasoro iko kwenye jiwe. Jaribio la dakika moja, halihitaji mizani.

Kilichouma zaidi kilikuwa hesabu aliyoipiga yule wa mashoto pale pale juu ya guta, kwa kidole kwenye vumbi la pumba. 19.5 na 17 ni 36.5. 19 na 17.5 ni 36.5. Mawe yetu mabovu yalikuwa yanalingana tangu mwanzo, yalihitaji kupangwa tu.

Kwa hiyo jiwe jipya halikutakiwa kuwa la kilo 20. Lilitakiwa liwe 17 kamili, na mzee alisimama juu yetu jioni ileile mpaka likaisha. Maji ya kupimia ndooni lita 7 na robo, maana bomba la katikati huiba karibu nusu kilo. Saruji nusu kopo, mchanga kopo moja, kokoto kopo moja na nusu. Vikavu vikageuzwa mara tatu mpaka rangi ikawa moja. Maji chupa moja ya lita moja na nusu, na chupa tupu akaishika mwenyewe, asije mtu akaijaza tena. Zege lilitoka gumu, linasimama kwenye koleo. Tuliliweka kwa tabaka tatu, kila tabaka likachomwa kwa nondo nyembamba mara 25, kisha ubavu wa ndoo ukagongwa kwa ubao mpaka mapovu yakaacha kutoka. Baada ya hapo gunia lililoloa, maji asubuhi na jioni, siku saba. Likakaa bila kuguswa hadi mwezi ukatimia. Benchini tukaendelea na 19.5 na 19, na wenye haraka wakafanya skwati kwa gunia la mchanga wamelikumbatia kifuani.

Lilipopanda mizani lilisoma 17. Mzee hakushangaa, sisi ndio tuliopiga kelele.

Mikono nayo ilichukua muda. Wiki mbili za kwanza nondo ilipanda imeinama kulia, kwa sababu miili ilishazoea kusukuma zaidi kushoto na sasa kulikuwa hakuna cha kusukumwa. Tuliacha kuongeza uzito mpaka ikapanda sawa. Baadaye tukawa tunaongeza kwa chupa: chupa ya lita moja na nusu ikijazwa mchanga mkavu ina kama kilo 2.4, unafunga moja kila ncha.

Ilibaki daftari. Tulikuwa tumeandika kila jiwe kilo 20, kwa hiyo skwati ya mawe manne ilisomeka 87.5 wakati ukweli ulikuwa 80.5, na benchi 47.5 badala ya 44. Yule wa mashoto akachukua kalamu, akaanza kufuta ukurasa kwa ukurasa na kuandika upya pembeni. Alipofika kwenye mstari wa dereva wa bodaboda, 87.5 mara tano, umepigiwa mstari chini mara mbili, dereva mwenyewe akaishika kalamu.

“Hiyo niachie, kaka. Hiyo nilishamwonyesha shemeji yako.”